Grefye na Waliofilisika Bila Wakili

Watu wengi niliowajua Kigali ya miaka ile siwezi kuwasimulia mpaka mwisho. Katikati naomba maji, naondoka. Huyu mmoja ndiye ninayeweza kumsimulia nikicheka, basi niacheni nicheke, na mkiona nimenyamaza ghafla katikati, msinisukume.

Tulimwita Grefye. Ni neno la Kifaransa la karani wa masijala ya mahakama, yule anayepokea karatasi za kesi, anazigonga muhuri na kuziweka mahali ambapo, ukizihitaji, hazionekani. Jina lake la nyumbani sikulijua, wala sikumbuki mtu aliyethubutu kumuuliza. Hata mkewe nilipokutana naye sokoni alisema, "Leo Grefye amekataa maharage," kana kwamba anazungumzia serikali iliyokataa mkataba.

Mimi ni fundi cherehani wa Biryogo, kwetu Waswahili wa Kigali, na fundi akimwona mtu hana namna, lazima ampime kwa macho. Suruali ya Grefye ilihitaji kitambaa cha mtoto wa shule ya msingi. Koti lake, la kijivu, lilikuwa limekatwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, mpana wa mabega, na mikono alikuwa ameikunja kwa ndani na kuibana na pini. Ukikutana naye njiani asubuhi, na mwavuli wake mkononi hata kiangazi, ungemwonea huruma.

Lakini ukimkuta ndani ya masijala, maskini wewe. Kaunta ile ilijengwa na Wazungu, ya mbao, ya juu sana. Mwenye shida anasimama chini na kidevu chake juu ya ubao kama mtoto dukani, na Grefye yuko juu, anakuangalia juu ya miwani, juu ya pua, juu ya kila kitu. Kwa muda mrefu nilidhani cheo ndicho kinachompandisha hivyo.

Alikuwa na adabu ya kuchosha. Ukiingia anakusalimu kwa Kinyarwanda, anauliza nyumbani, watoto, ng'ombe kama unao na hata kama huna, kisha anageuka kuwa Mfaransa, na hapo salamu zote zinafutika. Kifaransa alikitumia kwa kukataa tu. Akitaka kukubali, jambo ambalo lilitokea mara chache, alikubali kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha kuparuza, kwa sababu, alisema, Kiswahili hakiandikwi kwenye dosiye, lile faili la kesi, kwa hiyo hakimfungi mtu.

Mihuri alikuwa nayo mingi, ameipanga kwenye trei kama mwenye duka la viungo. Kabla ya kugonga alipuliza muhuri, akaufuta kwa leso, akaangalia dirishani kidogo, kisha akagonga kwa nguvu mpaka benchi la nje likatikisika. Mtu aliyekuwa anasubiri aliposikia mlio ule alishukuru Mungu, maana palikuwa na siku nzima zilizopita bila hata mmoja.

Na mtu huyohuyo, mniambie mnamwelewa vipi, nilimwona siku moja akitoka nje na benchi lake mwenyewe, amelikumbatia, akalipeleka ukumbini kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliyekuwa amesimama tangu asubuhi. Mama akakaa, akaanza kunyonyesha. Grefye akarudi ndani, akachungulia mlangoni, akamgombeza: "Nani amekuambia ukae ku benchi ya serikali?" Mama akainuka. Grefye akatoka tena, akamkalisha kwa mkono, akarudi ndani ananung'unika.

Mawakili aliwapenda. Walikuwa wachache mjini wakati ule, unaweza kuwajua kwa viatu. Jioni walimpeleka mtaa wa Gisimenti kula mishikaki ya mbuzi, na mimi nimemwona kwa macho yangu, kwenye kiti cha plastiki, miguu haifiki chini, anacheka vichekesho vya wakili mnene kabla havijaisha. Nusu ya mishikaki alikuwa akiifunga kwenye gazeti kwa ajili ya nyumbani. Bia walizomnunulia hakunywa, kwa sababu alikuwa mtu wa kwaya. Alimwambia mhudumu azirudishe dukani ampe sukari. Kwa hiyo, tafadhali, msiseme alikuwa mla rushwa. Alikuwa mla sukari.

Sasa niwaambie kilichonipeleka mimi kwake, maana watu wa Biryogo hatukuwa na mazoea ya kwenda mahakamani kutembea.

Nilikuwa na duka dogo la vitenge na vyerehani vinne. Vitatu nilivinunua mwenyewe. Cha nne, cha kukanyaga, kizito, nilipewa na marehemu baba yangu, na juu yake nilijifunza kushona nikiwa sifikii kikanyagio bila kushuka kwenye kiti. Vitenge nilichukua kwa mkopo kwa tajiri mmoja wa Nyabugogo. Kisha ile Oktoba ya tisini vita vikaanza kaskazini, barabara ya Gatuna, inayotoka Uganda, ikafungwa, mzigo wangu ukabaki huko ulikobaki. Faranga ikashushwa thamani. Harusi zikaahirishwa. Nani atashona gauni la kwenda wapi, wakati saa ya kutotembea imewekwa? Vitenge vikakaa rafuni vinaniangalia, na mimi navitazama, na tajiri anatuma salamu. Mwanzo salamu zilikuwa za heshima. Baadaye zilikuja na dalali wa mahakama, yule mtu anayekamata mali, akahesabu vyerehani vyangu kwa kidole bila hata kusema hodi.

Nilikuwa mjane na watoto wa kulisha. Vyerehani vitatu vikienda, nitalia. Cha baba kikienda, nitakuwa ombaomba, na hilo silisemi kwa kutia chumvi.

Jirani yangu mmoja aliyewahi kusoma sheria kidogo kabla ya kuacha akauze mkaa alinieleza. Mfanyabiashara aliyeshindwa anaweza kwenda mwenyewe mahakamani akatamka kwamba amefilisika. Hakimu akikubali, hakuna mdai mmoja anayekuja kubeba vitu peke yake. Mali inauzwa na kugawanywa kwa wote, na fundi anaweza kuachiwa chombo chake cha kazi. Lakini tamko hilo lifike kabla ya dalali. Nikaandika karatasi, nikajifunga kitenge changu kizuri, nikaenda.

Grefye alinipokea vizuri sana. Akauliza nyumbani, watoto, ng'ombe. Nikampa karatasi. Akaisoma akiwa ameishika mbali.

"Madamu, avoka yako iko wapi?"

"Sina wakili, bwana."

"Basi na wewe hauko."

"Siko vipi? Si unaniona?"

"Mimi naona mutu," akasema kwa upole. "Mahakama haionagi mutu. Inaona avoka."

Nikamwambia pesa ya wakili ningekuwa nayo nisingekuwa nimefilisika. Akakubali kwamba hiyo ni hoja. Alipenda hoja, aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo mzuri. Kisha akanirudishia karatasi na kusema kwa Kifaransa jambo refu, ambalo maana yake ilikuwa hapana.

Nilirudi. Siku nyingine nikarudi tena. Nilikuwa na mdomo mrefu enzi zile, bado ninao. Nikamwambia: "Haya, nionyeshe basi mtu mmoja aliyeleta tamko la kufilisika bila wakili, nione aliandikaje, niige."

"Hakuna mutu alishinda bila avoka."

"Sikuulizi walioshinda. Nauliza walioleta. Wapo?"

"Yego, ndiyo, waliletaga."

"Karatasi zao ziko wapi?"

"Ziko."

"Wapi?"

"Ziko, madamu! Kitu ya serikali haipotei."

Kumbukumbu za mahakama ni za kila raia kutazama, hata tangazo la ukutani lilisema hivyo, chini kidogo ya tangazo lililokataza kuingia. Nikamsomea kwa sauti. Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Grefye akafungua kijimlango cha kaunta, kwa uchungu wa mtu anayefungua kabati la mkewe kwa polisi, akanionyesha rafu kwa mkono: "Tafuta."

Jamani, nilitafuta. Nilianzia kwenye herufi, nikidhani kwamba neno la kufilisika litakuwa kwenye herufi yake kwa Kifaransa. Nikakuta kesi ya ng'ombe aliyekula mtama, pembeni yake talaka, pembeni yake duka la vipuri lililofilisika, pembeni yake mtu aliyempiga shemeji yake kwa mwiko. Nikahamia kwenye miaka. Mwaka huu umekaa juu ya mwaka ule, mwingine umelala chini ya meza. Wiki nzima nilikuwa naacha kazi asubuhi nakwenda kuvuta vumbi, na vumbi la mahakama si kama la nyumbani, linakaa kooni.

Mwishowe nikaona jambo. Ng'ombe, talaka, vipuri na mwiko, zote zilikuwa za wakili mmoja, yule mnene wa Gisimenti. Rafu nzima ya dirishani, yenye hewa, ilikuwa yake. Rafu ya pili ya wakili mwingine. Wakili mchanga asiyenunua mishikaki alikuwa amewekwa karibu na bomba linalovuja. Grefye alikuwa amepanga haki yote ya mji wa Kigali kwa majina ya mawakili!

"Kwa nini hivi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu niliyemuuliza kwa nini viatu vinavaliwa miguuni. "Nani anakujaga kuuliza dosiye? Avoka. Basi dosiye inakaa kwa avoka wake. Iko rahisi."

"Na wasio na wakili?"

"Hizo haziko na mahali," akasema, akaanza kupuliza muhuri.

Nilimwelewa, na hapo ndipo hasira yangu ilipopoa kidogo, kwa sababu hakuwa anadanganya wala kuringa. Kwenye kichwa chake dosiye isiyo na wakili ilikuwa kama mgeni aliyekuja bila mtu wa kumjua. Humfukuzi, lakini utamlaza chumba gani?

Siku hiyohiyo hakimu alipita ukumbini. Grefye alimwogopa hakimu kupita kiasi. Akaruka chini kutoka kwenye kiti ili asimame kwa heshima, na aliporuka akapotea kabisa nyuma ya kaunta, ikabaki sehemu ya kichwa. Mimi nilikuwa ndani bado, kwenye vumbi langu. Nikakiona kiti.

Kilikuwa kiti cha kawaida, kifupi, cha serikali. Juu yake palikuwa na rundo la mafaili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, yamebonyea katikati, majalada yameng'aa kwa kusuguliwa na suruali miaka na miaka. Ubavuni kwa penseli aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya mapadri: waliofilisika, hakuna avoka.

"Ala! Grefye," nikasema hakimu alipopita. "Umewakalia."

Akageuka. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mwekundu kwa weusi wake, lakini siku ile niliona. "Nakalia kalatasi," akasema. "Sikalii watu."

"Ni watu, bwana."

"Kiti iko chini! Niliandika barua, nikaomba kiti ya mulefu. Jibu haijafika." Kisha akashusha sauti, akaniambia kwa Kiswahili, kile kisichomfunga mtu: "Madamu, nikishuka pale, watu hawatanisikia. Mutu wakimuona hivi, wanamuita kijana, wanamuagiza chai. Nimeagizwa chai mimi, na muhuri mukononi."

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilitaka kucheka, na nikataka kulia pia, maana watu wale chini ya makalio yake walikuwa na watoto kama mimi. Lakini fundi ni fundi. Nilikuwa na utepe wa kupimia shingoni, kama kawaida yangu. Nikautoa, nikapima urefu wa rundo, nikapima upana wa kiti, nikamwambia ageuke. Akageuka. Nikapima na upande ule mwingine.

"Nitakushonea mto," nikasema. "Wa urefu uleule. Nipe mafaili."

Nilimshonea kwa mabaki ya vitenge vilivyonifilisi. Mto wa kwanza alizama, akabaki macho tu. Akakataa kwa Kifaransa. Nikaenda nikaushindilia upya, pamba na matambara, nikaupiga mishono ya godoro. Wa pili ukampandisha kuliko zamani, akaanza kuinama kusoma, akasema unamfanya aonekane mwenye kiburi. Bibi harusi hakupimwa mara nyingi vile. Alichagua rangi mwenyewe, kijani cha kiserikali, na akataka nusu ya nyuma iwe ngumu zaidi "kwa sababu ya alasiri." Alipokaa mara ya mwisho akagonga muhuri kwa majaribio, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanifungulia kamba ya katani.

Nilisoma mafaili yale siku nzima pale sakafuni. Fundi seremala. Mama muuza ndizi za jumla. Mtu wa Kimisagara aliyekuwa akitengeneza sabuni, aliyeandika kwa ufupi: Mheshimiwa, mafuta yamepanda, sabuni haiuziki, naomba mjue kwamba sina tena, na naomba kubaki na pipa langu la kupikia. Hakuna hata mmoja aliyekataliwa. Hakuna hata mmoja aliyekubaliwa. Hazikuwahi kutoka kwenye kile kiti kwenda kwa hakimu, maana orodha ya kesi Grefye aliitoa rafu kwa rafu, na kiti si rafu. Na yeye aliposema kwamba hakuna mtu aliyeshinda bila wakili alisema kweli tupu. Nilimkasirikia. Nilimwambia usoni kwamba pipa la mtu yule pengine limeshachukuliwa wakati yeye anatafuta kimo, naye akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nikaandika tamko langu kwa kufuata lile la mtengeneza sabuni, nikaweka cherehani mahali pa pipa. Grefye akalipokea. Akaligonga muhuri. Kisha akakaa na rundo lote mikononi, juu ya mto wake mpya, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Sasa nitaziweka wapi?"

"Rafuni! Popote!"

"Popote si mahali, madamu. Jina la avoka nani?"

Nilitaka kumrukia. Nikamwambia andika unachotaka, andika hata fundi, mimi nakwenda kupika. Nikatoka.

Naye akaandika. Alichukua kadi nyeupe, akaandika kwa mwandiko wa mapadri, akaibandika kwenye rafu iliyosafishwa: Avoka Fundi. Ndivyo mawakili wa Kigali walivyoongezeka kwa mmoja bila mtihani wala kiapo. Mtu yule angeweza kubadilisha mpango wa rafu zake, lakini aliona ni rahisi zaidi kumtengeneza wakili.

Orodha ya hakimu ilipotoka, Avoka Fundi alikuwa na kesi nyingi kuliko yule mnene.

Siku yangu ilipofika hakimu akasoma: "Avoka Fundi yupo?"

Nikasimama. "Yupo, mheshimiwa."

"Na mteja wake?"

"Yupo pia."

Akanyanyua macho. "Mbona naona mtu mmoja?"

"Tumekuja pamoja, mheshimiwa."

Wakili wa tajiri wa Nyabugogo akaruka, akapiga kelele kwamba huyu mwanamke si wakili, ni mshona suruali, na yeye mwenyewe suruali aliyovaa nilikuwa nimempunguzia kiuno. Hakimu akamtazama Grefye. Grefye akatazama dari. Hakimu akatazama orodha, ikiwa na muhuri, ikiwa na sahihi, na mtu yeyote aliyewahi kuingia ofisi ya serikali anajua kwamba ukimpa mkubwa achague kati ya mtu aliyesimama mbele yake na karatasi yenye muhuri, atachagua nini. Akaniambia niendelee. Nikasema yaliyonipata. Nilisema vibaya, nikachanganya lugha. Uamuzi ukatoka siku nyingine: nimefilisika, mali iuzwe igawanywe, ila cherehani kimoja cha kukanyaga kibaki kwangu. Mtengeneza sabuni naye aliitwa. Pipa lake kweli lilikuwa limeshakwenda, akapewa haki ya kubaki na kitu ambacho hakuwa nacho. Alinishukuru hata hivyo, na shukrani ile iliniuma.

Lakini hukumu ya mdomo si kitu. Ilitakiwa nakala, yenye muhuri, na nakala inachapwa na Grefye, na mashine ya kuchapa haikuwa na utepe. Nikienda, anauliza ng'ombe. Nikimlilia, anasema nakala iko kwenye foleni na mimi si peke yangu. Nikarudi kuwa mtu wa kaunta kama wengine wote. Nilimtukana moyoni njia nzima ya kurudi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa tisini na tatu. Asubuhi, dalali alikuja Biryogo na pikapu ya tajiri. Vile vitatu vilikuwa vimeshauzwa kwa amri ya mahakama. Sasa amekuja kwa hiki. Nikamwambia hakimu ameniachia. Akasema, bila ubaya, "Neno la mahakama ni karatasi. Karatasi iko wapi?" Sikuwa nayo. Jirani yangu muuza mkaa akachukua baiskeli, akapanda mjini mahakamani kuifuata nakala. Wale vijana wa pikapu wakanyanyua cherehani cha baba yangu, wakakipakia, wakakifunga kwa kamba. Nilishika tairi la akiba kwa mikono miwili. Kweli nililishika, na watu wakanitazama, na sikuona haya.

Dereva alikuwa ameshawasha gari niliposikia watoto wanasema, "Nani yule?"

Alikuwa anatokea kwenye kona ya juu, kwa miguu. Koti la kijivu, mwavuli, mkoba chini ya kwapa. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Grefye nje ya masijala saa za kazi. Na alitembea, jamani! Alitembea kama maandamano ya Pasaka. Akasimama kwa muuza maziwa akamsalimu, akasimama kwa kinyozi akamuuliza nyumbani.

"Grefye, fanya haraka!" nikapiga kelele. "Wanaondoka!"

Akanyanyua kiganja, kama polisi wa barabarani. Akafika. Akamtazama dereva. "Zima gari. Hukumu haisomewi kelele."

Dereva akazima.

Akafungua mkoba, akatoa nakala, ameiandika yote kwa mkono kwa kukosa utepe, akaanza juu kabisa: Jamhuri, mahakama, tarehe, majina ya waliokuwepo na ya waliopaswa kuwepo. Alisoma sentensi kidogo, ananyamaza. Anasoma kidogo, ananyamaza. Kwenye kila mkato alisimama, macho yamefumbwa, mpaka dalali akashindwa kuvumilia.

"Grefye, tuambie ile ya mwisho tu."

"Ya mwisho iko mwisho," akajibu, akaendelea.

Biryogo nzima ilisimama. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake ana nusu ndevu. Grefye akasoma Kifaransa chote, na alipofika pale penye cherehani, akaigeuza sentensi kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ile nene ya kwaya: "Cherehani moja, ya kukanyaga, inabaki kwa huyu mama. Mutu asiiguse." Kisha kwa vijana: "Mushushe."

Wakashusha. Wakakirudisha palepale kilipokuwa, mpaka miguu yake ikakaa kwenye alama zake za sakafuni. Pikapu ikaondoka. Nilikuwa nalia kwa sauti, na wanawake wananishika, na Grefye anakereka, anasema kwamba bado, bado, iko sahihi ya kupokea, bila sahihi hukumu haijafika.

Nikatafuta meza. Cherehani kimezungukwa na watu, meza nyingine sina, nimeuziwa. Akaona ninahangaika. Basi akageuka, akanipa mgongo, akainama, mikono magotini, ili niandikie juu yake. Watu wakacheka. Nikaiweka karatasi kwenye koti la kijivu, nikaibana kwa kiganja.

Koti lilikuwa limelowa chapachapa, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na mvua haikunyesha siku ile. Karatasi ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kwa jinsi mbavu zake zilivyokuwa zikipiga. Alikuwa amekimbia. Kutoka mahakamani mpaka kona ile ya juu alikuwa amekimbia, na mwavuli wake, na koti la watu, na ametembea pale tu ambapo macho yetu yalianza.

Sikumwambia kwamba nimejua. Nilimwomba kalamu nyingine, nikasema hii haitoki vizuri, nikaandika jina langu lote, la baba, la babu, herufi moja moja, polepole, apate kupumua.